Ng'ombe Mwekundu Hakuonyeshwa

Iringa,
9 Agosti 1976

Kwako dada Kashindye,

Shikamoo. Baridi ya huku imenichubua midomo, lakini mimi ni mzima. Nawe, mama na watoto hamjambo? Mpunga mmemaliza kuvuna? Mwambie mama sweta lake limenifaa, ingawa mikono ni mirefu.

Dada, naandika nikiwa na hasira, unisamehe mwandiko. Juzi tulionyeshwa sinema hapa chuoni. Mwanzoni yalitokea maneno kwamba ni kisa cha kweli cha msichana wa Usangu aliyetekwa. Ni wewe. Wamebadilisha jina tu. Habari waliitoa gazetini. Wewe hawakukuuliza hata neno moja.

Anayekuigiza ni msichana wa mjini, mweupe, anayeogopa hata ng'ombe. Mwalimu Silvester, aliyewatembeza wapiga picha huko kwetu, alisema wasichana wa Kisukuma walijitokeza, wakaambiwa wakae nyuma wawe wanakijiji, eti sura zao watazamaji hawatazionea huruma. Nilimwuliza yeye alisema nini. Akanijibu kwamba kwa msichana mimi ni mkali mno.

Na mtekaji je? Philbert, mnunuzi wa ng'ombe, mwenye saa na viatu vya kung'aa, aliyekula ugali nyumbani kwetu, wamemgeuza mzee wa Kisukuma mwenye blanketi na mkuki! Atuganile, ninayelala naye chumba kimoja, alininong'oneza kuwa kumbe kwetu kuiba wasichana ni kawaida. Nilimwambia aliyekuiba wewe alikuwa na kalamu mfukoni. Hatujasemeshana tangu hapo.

Lakini mwisho ndio ulioniua. Katika sinema unalia tu, mpaka askari anavunja mlango nawe unazirai mikononi mwake. Watu wakapiga makofi. Askari gani? Ni wewe uliyetoboa ukuta, ukafungua zizi, ukamtoa yule ng'ombe mwekundu ambaye Philbert alimnunua kwetu, kwa kuwa ulijua ng'ombe aliyeuzwa hutafuta zizi alikozaliwa. Ukamfuata nyuma kutoka njia ya Chunya, porini, mpaka uani kwetu. Ukamwambia baba umemrudishia ng'ombe wake. Baba akacheka huku analia. Hilo halimo.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Gari la sinema litaileta picha hiyo Rujewa mwisho wa mwezi, nikiwa likizoni. Kwa kuwa wazee wetu wengi hawasikii Kiswahili vizuri, walitafuta mtu wa kushika kipaza sauti na kueleza kwa Kisukuma. Nimeomba, wamenikubali. Picha siwezi kuigusa, lakini maneno yatakuwa yangu. Yule mzee wa blanketi nitamwita kwa jina lake, Philbert. Na askari akivunja mlango, nitawaambia watu chumba ni kitupu, mwenyewe ameshaondoka na ng'ombe.

Ila kisa ni chako, na najua ndugu za shemeji hawajui kuwa ni wewe. Ukiridhia, kaa mbele nikuone. Usipokuja, nitamrudishia dereva kipaza sauti chake, watafute mwingine.

Nisalimie mama, shemeji Magesa, na ndama wote wa yule mwekundu.

Mdogo wako akupendaye,
Shija