Ukuta Niliousafisha Nusu

Maganga, mtani wangu, mla asali usiyegawa,

Salamu sikupi, maana huko uliko hutaitikia. Mwandiko ni wa darasa la nne, uuvumilie. Hata ulipokuwa hai gazeti ulikuwa huliwezi, ulitazama picha tu.

Habari kubwa ni hii: mkweo Shabani ameachiwa. Yuko kwake Isevya, kakonda, lakini yuko huru.

Wewe hukuyaona, basi nikueleze. Asubuhi ile yeye ndiye aliyekukuta chini. Alikuja kukuomba radhi kwa maneno mliyotupiana jana yake, na majirani wote tuliyasikia, maana wewe sauti yako ya mnadani. Akakuinua, akakukumbatia, damu ikamjaa shatini. Watu walipofika na kumwona vile, nani angemwamini? Polisi wakamchukua. Binti yako Zuhura akawa analia baba na mume kwa pumzi moja.

Polisi walisema ukuta usiguswe, wataalamu wanakuja. Nani wa kusikia? Wageni wa msiba wanaingia, ukuta una damu, na kazi hiyo kwetu ni ya mtani. Nikapewa ndoo na tambara. Nikafuta upande wa dirishani. Halafu utani ukanipanda kichwani: nikaketi mlangoni, nikanyoosha miguu, nikasema sifuti tena mpaka nione jogoo. Babu zenu Wanyamwezi walipopita kwetu Ugogo na pembe mabegani walitoa hongo ndipo wakapewa njia. Wewe unipite bure?

Dada yako akawaka, "Mgogo wewe, hata kwenye msiba huna haya!" Nikamwambia haya yangu ililiwa na kaka yako, pamoja na asali yangu. Wakaenda kusaka jogoo mtaa mzima wa Ng'ambo. Kabla hajapatikana, wataalamu wakafika.

Mmoja ni binti wa miwani, wa kuwa mjukuu wangu. "Shikamoo babu. Nani kafuta hapa?" Maganga, niliisahau marahaba, nikaisukuma ndoo nyuma ya mlango.

Akabandika rula za karatasi kando ya matone yaliyobaki, akayapiga picha moja moja, akaziingiza kwenye kompyuta. Baadaye alitueleza mimi na Zuhura, taratibu. Tone likija limenyooka, ukutani huwa duara. Likija kwa upande hurefuka kama mbegu ya boga. Kompyuta inapima upana na urefu wa kila tone, inachora uzi kulirudisha lilikotoka. Nyuzi zote zilikutana mahali pamoja, kimo kisichofika goti langu, kwenye pembe ya lile jiwe la kusagia la mama yako. Hapakuwa na mtu aliyepigwa amesimama. Na shati la Shabani halikuwa na matone ya kurukiwa. Lililowa tu, kama la mtu aliyekumbatia.

Ukiongeza maneno ya daktari aliyeupima mwili wako, na kigoda kilichopinduka, na mtungi uliokutwa juu darini, mambo yakawa wazi. Ulipanda kunificha asali, ukaangukia jiwe. Mzee mzima!

Binti akasema na jingine, ambalo sikumwuliza. Pigo la kwanza halirushi matone, damu inakuwa bado haijatoka. Linalorusha ni la pili. Yaani ulijaribu kuinuka, ukaliangukia tena.

Nilisikia, Maganga. Nilikuwa uani napiga mswaki. Kishindo kimoja, kimya, halafu kingine. Shabani hajafika bado. Nikasema huyo anapigana na kigoda chake. Nikacheka.

Sikumwambia mtu. Aibu ilinifunga mdomo na kijana wa watu yuko ndani. Siku hiyo ya nyuzi ndipo nilipokwenda polisi kuandikisha maelezo.

Shabani kaniletea jogoo. Nimemla, usifikiri huzuni imenizuia. Paja nilimpa dada yako, akalipokea. Ukuta tumeupaka chokaa, Shabani na mimi, nusu yako yenye matone na nusu yangu niliyoifuta. Mtungi uko kwangu. Sijaufungua.

Haya, pumzika. Ahadi yangu kwako ni moja: nikisikia kishindo kwa jirani yeyote, nakwenda kutazama. Jana nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mbuzi. Mara ya pili pia alikuwa mbuzi. Nitakwenda tena.

Mtani wako aliyebaki,
Ndahani