Viza ya Omer peke yake

Bibiche, Omer ameondoka sasa hivi. Peke yake.

Unajua patron wake, mwenye kampuni ya kahawa, alimuchagua aende kufungua tawi ya kampuni Ulaya, miaka mbili. Waliomba viza ya kazi yake, na za bibi yake Léontine na mutoto wao Kanyere. Yake imetoka. Zile mbili zimekataliwa, juu karatasi ya ndoa na ya kuzaliwa kwa mutoto ziliungua na nyumba, siku walikimbia vita kule Kalembe.

Omer akamwambia patron, "Papa, mutoto iko hapa. Munamuona."

Patron akajibu pole pole, "Mimi namuona, Omer. Ubalozi njo haimuoni."

Mutoto iko hapa, munamuona. Alirudilia ile neno mara tatu, Bibiche, na Kanyere amekaa ku magoti yake.

Alitaka kukatala kazi. Léontine njo alimukataza. "Enda. Ukibakia, sisi wote tatu tutalala njaa." Akaanza kukunja mashati yake.

Pikipiki ya Goma imemubeba. Kanyere amemupungia mukono akicheka, anafikiri baba anaenda ku soko. Hakuna mwenye amemwambia ukweli. Hata mimi nimeshindwa.