Daftari la Maumivu ya Mama

Chemchem, Tabora

Bibi Martha mpendwa,

Shikamoo. Asali ya Sikonge imefika na baba ameshaipunguza.

Nakuandikia kuhusu mama. Kumbe kwa miaka miwili amekuwa akimtajia kila daktari tatizo moja tu: huyu goti, yule moyo kwenda mbio, mwingine ganzi ya vidole. Anasema ulimfundisha kwamba mgeni haombi vitu viwili. Basi tuna dawa za kila kiungo, na mama bado anaumwa.

Jumanne nilimsindikiza. Akasema, "Ni goti tu, daktari." Nikatoa daftari nilimoandika matatizo yake yote tisa, pamoja na tarehe. Daktari alilisoma mara mbili.

"Bado sijui ni nini," alisema, "lakini haya yote ni ya mtu mmoja. Tutayachunguza pamoja." Akaagiza vipimo vya damu.

Njiani mama alinuna. "Umeniaibisha. Hata choo changu umekiandika." Tulipofika nyumbani akaniita. "Lete hilo daftari. Ongeza masikio, yanavuma."

Majibu ni Ijumaa. Nawe bibi, kila barua unasema ni mgongo tu. Safari hii niandikie yote.

Mjukuu wako,
Generosa