Tundu Lielekee Juu

Jumatatu, 3 Machi
Imewaka! Injini ya pikapu ya Shangazi, tuliyoifumua mimi na Kaka mpaka nati ya mwisho, leo imewaka. Shangazi kapiga vigelegele hadi jirani akauliza harusi ya nani. Harusi ipo kweli, ila Jumamosi – binti yake anaolewa. Shangazi anaishi kwa kukodisha viti, na pikapu hii ndiyo itakayovibeba. Gari la mtu hataki. Bora wageni wasimame, kasema.

Jumanne, 4 Machi
Inagonga. Tk, tk, tk. Kaka anasema ni valvu tu, zitazoea. Mimi naona sikio lake ndilo lililozoea. Nimemwaga oili kwenye beseni, nikaitazama juani – inameta kama kucha za bibi harusi! Kuna kitu kinasagika humo ndani.

Jumatano, 5 Machi
Tumefumua tena. Mtaka cha uvunguni sharti ainame – nimeinama mpaka kiuno kinalia. Kemshafti, mtaimbo unaosukuma valvu, imetoka kwa shida. Inazungukia ndani ya bushi nne, pete za chuma zinazoishika. Mbili za mbele, safi. Mbili za nyuma, nyeusi tii, zimeungua! Hazikuonja oili. Kila bushi ina tundu, na lazima liangaliane na tundu la bloki, mwili wa injini, la sivyo oili haina pa kupita. Za nyuma zimeziba kabisa.

Nikamuuliza Kaka, si wewe uliyezigonga zikaingia? Akaapa: Ulisema tundu lielekee juu, nikaelekeza juu. Zote nne!

Tukatazamana. Ndipo nikakumbuka. Za mbele aligonga asubuhi. Alipokwenda kula, mimi nikaipindua bloki miguu juu, niioshe. Karudi, kagonga za nyuma, tundu juu vilevile – wakati juu ilishakuwa chini! Hasira ilinipanda, kicheko kikaiwahi. Kaka alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Yeye ana kipara, lakini mwenye nywele ndiye aliyepindua bloki.

Alhamisi, 6 Machi
Bushi mpya. Neno "juu" ni marufuku gereji hii. Tunasema "upande wa hedi", penye valvu, na "upande wa sampu", penye bakuli la oili. Kabla ya kurudisha kemshafti nimepitisha waya kila tundu. Haukugota popote. Kaka akapitisha tena, haniamini. Vizuri, nami simwamini. Shangazi kapiga simu, tukamwambia tunaisafisha. Mnaisafisha mpaka utumbo? Kakata.

Ijumaa, 7 Machi
Hatuwashi kikavu. Kaka anazungusha pampu ya oili kwa drili, kifuniko cha hedi kimetolewa tuzione valvu. Oili ikichuruzika kwenye valvu, bushi nazo zimekunywa. Ikivuja kabla ya hapo kwenye gasketi, pale hedi inapokalia bloki, tunafumua tena, na harusi ni kesho. Naogopa.

Shangazi ameshafika. Amekaa kwenye usukani, kilemba kichwani, anapiga honi. Naandika hapa, nimekalia tairi. Drili inaunguruma. Bado. Bado.

Kaka anapiga kelele: Inatoka! Njoo uone, inatoka huku juu!

Juu ipi, Kaka?