Mwezi Kichwa Chini

Jumamosi, 14 Juni

Leo naapa kuandika yote, hata ya aibu. Tumekwenda kwenye kituo cha kuangalia nyota!

Mtaalamu wa pale ni mama mnene mwenye sauti ndogo. Alizungusha gurudumu, paa la bati likafunguka huku likilalamika, anga likaingia ndani. Mchana kweupe! Rafiki yangu Redio (hazimi) akauliza kama nyota zimekwenda kulala. Mama akamwambia mwezi upo, haujui ratiba ya shule.

Nilidhani darubini kazi yake ni kukuza tu. Kumbe kwanza hukusanya! Lenzi ya mbele, pana kama sahani, inakinga nuru kama beseni linavyokinga mvua — kikombe kingepata kidogo. Halafu inapinda miale mpaka ikutane. Ikikutana, inapishana: ya juu hushuka, ya chini hupanda. Lenzi ndogo ya jichoni ndiyo inayokuza.

Zamu yangu. Nusu mwezi. Mashimo, na kila shimo na kivuli chake! Nilisahau kupumua. Kwa macho tu, upande wenye nuru ulikuwa juu. Ndani ya darubini — chini.

Tukapewa penseli. Mama akasema: chora kile jicho lilichoona, usichore unachojua. Mwenye mchoro mwaminifu kuliko yote ataitwa wakati wa likizo kujifunza kutengeneza kioo cha darubini, kile kinachokusanya nuru badala ya lenzi. Unasugua kioo juu ya kioo, unga wa kusagia katikati, mpaka kibonyee kidogo sana.

Nafasi moja. Naitaka!

Jumapili, 15 Juni

Kaka kauona mchoro. Eti mwezi wangu umeanguka kitandani! Nikachukua miwani ya babu ya kusomea, nikaishika mbele ya ukuta, mkabala na dirisha. Nikasogeza, nikasogeza — dirisha likatua ukutani, kichwa chini miguu juu! Babu akauliza basi yeye gazeti analisomaje, au habari zote alizowahi kusoma ni kinyume? Tulicheka sana. Chini ya mchoro, upande wenye nuru, nimeandika wazi: CHINI.

Jumatatu, 16 Juni

Mwalimu wa fizikia amekusanya michoro na kuipeleka. Siwezi kula.

Jumatano, 18 Juni

Lo! Mwalimu kaniita, anatabasamu. Eti amenusuru mchoro wangu! Nilikosea, kasema, nuru ilikuwa juu, aliiona kwa macho yake. Kabla ya kuupeleka kafuta neno langu, kaugeuza mchoro, kaandika JUU kwa kalamu nyekundu.

Nikamuuliza, kwa heshima, kama alichungulia darubini.

Hakuchungulia. Alikuwa nje muda wote, anapanga foleni ili sisi tuone.

Nikamweleza ile miale inavyopishana. Akasema, "Mwanangu, nimekuharibia." Macho yake yalinitia huruma — yeye pia alitaka niipate ile nafasi. Akanipa simu yake: "Mwandikie mama wa kituo mwenyewe, useme kosa ni langu."

Sikusema hivyo. Nimenakili hapa nilichotuma:

"Shikamoo mama. Mimi ni yule msichana aliyeganda kwenye darubini mpaka ukamgusa bega. Neno jekundu kwenye mchoro wangu si langu. Mimi niliuona mwezi nuru ikiwa chini, na ndivyo nilivyochora. Mwalimu yuko hapa nami, tunangoja jibu lako sasa hivi: mmeshachagua, au bado unaweza kuugeuza mchoro wangu?"