Jokofu la Chanjo Sebuleni Kwangu

Jumatatu, 2 Februari 1976

Limezimika tena. Saa kumi na mbili asubuhi nimekuta mwali wa taa yake hakuna, kipimajoto cha ndani kinasoma kumi na moja. Nimelala kifudifudi sakafuni, nimevuta tangi, nimefungua kifuniko kuangalia mafuta ya taa. Yamo nusu. Nimekata utambi ukawa sawa, nimewasha. Moto wa buluu, mzuri.

Tangu tuhamie kijiji hiki kipya halijamaliza siku mbili bila kuzimika. Zahanati haijaezekwa, kwa hiyo jokofu limewekwa sebuleni kwangu, kati ya kiti na gunia la mahindi. Jumatano inaletwa chanjo ya surua. Jumamosi kina mama wanaleta watoto.

Nina wasiwasi.

Jumanne, 3 Februari

Nilidhani ni upepo. Nimetundika khanga dirishani. Saa sita limezimika.

Nikageukia mafuta. Ya duka la kijiji yana maji mara nyingine. Nimemimina yote, nimechuja kwa kitambaa, nimerudisha. Nimewasha. Mikono inanuka hata baada ya sabuni, na ugali nao umenuka.

Mume wangu yuko Hale, kwenye mitambo ya umeme. Huko wana umeme. Mimi nina utambi.

Jumatano, 4 Februari

Mbwana, fundi muashi, amekuja na pimamaji. Kweli, jokofu lilikuwa limeinama upande wa ukuta. Ameweka kipande cha tofali chini ya mguu. Limewaka asubuhi yote. Nikafurahi kama mjinga.

Saa tisa gari la Handeni limeleta chanjo kwenye sanduku la barafu. Dereva akauliza, "Jokofu zima, nesi?"

Nikamjibu, "Zima."

Nimetia sahihi. Ameondoka na sanduku lake.

Kwa nini nimesema hivyo? Niliogopa atazirudisha, Jumamosi ife. Na niliogopa kuonekana nimeshindwa.

Alhamisi, 5 Februari

Limezimika alfajiri. Kipimajoto saba, mwisho ni nane. Bado salama, lakini kwa bahati tu.

Nimeondoa bomba la moshi, nimekwangua masizi kwa mti wenye kitambaa. Uso mweusi, pua nyeusi. Nimewasha. Naliangalia kila saa kama mgonjwa mahututi. Sijapika.

Kijiji cha jirani wamezika mtoto aliyekufa kwa surua.

Ijumaa, 6 Februari

Nimeitwa mapema kuzalisha, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Uchungu mrefu. Mama na mtoto salama. Nimerudi saa kumi jioni. Kabla sijavua viatu nimekwenda kwenye jokofu.

Limezimika. Kipimajoto kumi na tisa.

Limekaa hivyo tangu saa ngapi? Sijui. Nimezitoa chupa moja moja, nimezishika kwenye mwanga. Hazijabadilika rangi wala chochote. Chanjo iliyokufa na iliyo hai zinafanana. Hilo ndilo linalonitisha.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mhando. Nimemwamkia, nimemweleza.

"Nesi, kesho wageni wa wilaya wanakuja. Wewe chanja tu. Nani atajua?"

"Surua itajua, mzee."

"Basi utasimama wewe uwaambie. Mimi sisimami."

Nimerudi nyumbani. Chupa zingekuwa mali yangu ningezitupa bila kufikiri.

Jumamosi, 7 Februari

Kina mama walijaa kuanzia mlangoni mpaka kwenye mihogo. Wageni walikaa kivulini kwenye viti vya shule. Nilisimama kizingitini nikasema yote. Kwamba dawa imeharibika kwa joto. Kwamba jokofu lilikuwa linazimika na mimi nilijua kabla sijaipokea.

Zogo. Mmoja akatema mate. Mgeni mmoja akaandika kitu kwenye daftari lake.

Mwanaidi anakaa ng'ambo ya korongo. Ana mapacha, Hasani mgongoni, Huseni kifuani. Alingoja wenzake wapungue ndipo akanisogelea.

"Nimetoka na nyota za alfajiri, bibi nesi. Ungewachoma hata ya uongo, nikarudi nimetulia."

Nimemtazama akishuka njia na watoto wake wawili.

Nimezimwaga chupa zote. Najichukia.

Jumatatu, 9 Februari

Nimepata lori la Korogwe. Nimepakata tangi na taa yake, vimefungwa kwenye gunia. Kilole, mtaa wa huko, yupo fundi, Mzee Anthoni. Baba yake alikuja kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini Ngombezi na kufanya kazi kwenye mashine za kiwanda mpaka macho yakachoka. Sasa anatengeneza karabai na majiko barazani kwake.

Nikaanza kumhadithia utambi, upepo, maji, masizi. Akanyanyua mkono ninyamaze. Akawasha, akafunga kifuniko, akakaa. Hakugusa kitu. Tukangoja. Jua likahama kutoka miguuni mpaka magotini mwangu. Nilitaka kupiga kelele.

Kisha mwali ukawa wa njano, ukafifia, ukafa.

Akafungua kifuniko. Tangi likavuta hewa, fyuu. Akawasha tena papo hapo, bila kurekebisha chochote.

"Mama, kifuniko hiki umekitoa wapi?"

Nikamwambia. Cha zamani kilipotea siku ya kuhama. Hiki nilikitoa kwenye kopo la mafuta ya kula. Kiliingia vizuri, nikajisifu.

"Cha zamani kilikuwa na tundu. Hiki hakina. Mafuta yakipungua, hewa haina pa kupita, utambi unakauka. Kila ukifungua kuangalia unalipa pumzi, linawaka, unadhani umeliponya."

Akachukua msumari, akagonga mara moja.

Nimecheka. Halafu nimelia pale barazani, watu wanapita. Kwa tundu la msumari!

Jumatano, 11 Februari

Linawaka tangu jana. Kipimajoto tano.

Nimemwandikia mganga mkuu Handeni. Nimeandika kwamba kifuniko nilikiweka mimi. Kwamba nilimdanganya dereva. Nimeomba chanjo nyingine. Nimechana barua mbili kabla ya hii. Wakinifukuza nitakwenda Hale kumpikia mume.

Alhamisi, 19 Februari

Linawaka. Sijaligusa ila kuongeza mafuta.

Jibu limekuja pamoja na chanjo. Nimepewa onyo kali, litakaa kwenye faili langu. Nimelisoma mara tatu. Sijafukuzwa. Dereva ni yule yule. Safari hii hakuniuliza, alifungua mlango wa jokofu akatazama mwenyewe. Ana haki.

Surua imeingia kwetu. Hasani wa Mwanaidi anayo. Tangu juzi nakwenda asubuhi na jioni, namwosha macho, namlazimisha maji kwa kijiko. Homa ni kali mno. Mama yake ananipa kigoda, anageukia ukutani.

Jumamosi, 21 Februari

Wamekuja wachache kuliko mara ile. Mzee Mhando amepanga mstari mwenyewe, hakuzungumzia yaliyopita. Watoto wamelia kama kawaida yao.

Mwanaidi alikuwa wa mwisho. Huseni peke yake, kifuani. Hakuitikia salamu yangu. Alimshika mkono mtoto, nikamchoma. Akamfunga khanga, akatembea mpaka mlangoni, akasimama hapo amenipa mgongo.

"Hasani amekunywa uji leo."

Akaenda zake.

Nimechemsha sindano. Nimefagia sebule. Kuna mawingu upande wa Korogwe na joto limepungua kidogo.