Joto la Mizabibuni

Lifuka, Ha'apai
12 Novemba 2018

Mwanangu Fusi,

Salamu nyingi. Hapa kisiwani hatujambo, ila goti langu linanisumbua tangu mvua zianze. Wewe na hali ya hewa ya huko mnaelewana?

Kitione wangu kaondoka jana, anakuja kuchuma zabibu huko huko kwenu. Unamjua, anajiona wa chuma. Wewe ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, umeona mengi. Niangalizie. Sina mwingine.

Shangazi yako,
Seini


Kando ya mto Murray, Australia
20 Januari 2019

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, natumai goti limepata nafuu.

Mwanao alikuja Jumapili baada ya ibada. Kala sufuria nzima ya magimbi na nyama ya kopo, kisha akanisukumia sahani: "Wewe binti wa mjomba tu, mimi mtoto wa dada mtu, kicheo uko chini yangu. Ongeza!" Nikaongeza, ningefanyaje?

Ila joto la huku si la nyumbani, hakuna upepo wa bahari. Siku tatu mfululizo limefika nyuzi arobaini na tano. Nilimwambia kichwa kikimuuma na miguu ikilegea, aache kazi, akae kivulini. Akacheka. "Nikikaa mimi, dada, hawa wengine watasemaje? Wote wananitazama." Mwandikie na wewe, labda atakusikia.

Mwanao,
Fusi


Kando ya mto Murray
9 Februari 2019

Shangazi,

Sijui nikusalimu vipi. Mchungaji ameshakufikishia habari. Kwenye simu nilishindwa kusema, acha niandike.

Jumatatu mchana Kitione alianza kuyumba kati ya mistari ya mizabibu. Akawa anakuita wewe, anavua kofia na kuivaa tena. Msimamizi akacheka: "Hiyo kava waliyokunywa Jumamosi, bado haijamtoka." Wakamlaza kwenye gari apumzike. Saa kumi walipomwona hazinduki vizuri, anaropoka tu, ndipo wakamleta hospitalini kwetu.

Kipimo cha kwapani kilionyesha nyuzi thelathini na nane na nusu. Watu wakadhani ni homa au ulevi. Baadaye nikampima mwenyewe kwa njia ya haja kubwa: arobaini na mbili. Tulimvua nguo, tukamfunika kwa shuka mbichi, feni mbili, barafu shingoni, makwapani na kwenye kinena. Alishikwa na degedege mikononi mwangu. Joto lilishuka, lakini ndani alikuwa ameshaungua. Mkojo ulitoka mweusi kama kahawa. Ini likagoma, figo zikagoma, damu ikakataa kuganda, kila tulipochoma sindano ilivuja.

Alikata roho Alhamisi adhuhuri. Nilikuwa nimemshika mkono.

Mwanao,
Fusi


Lifuka, Ha'apai
2 Machi 2019

Mwanangu Fusi,

Natumai unakula na unalala. Sisi tupo.

Tumemzika kando ya baba yake. Kwa desturi wewe ungevaa mkeka uliochakaa ukakaa jikoni kwenye moshi, kwa kuwa yeye ni mkubwa wako. Mimi nilisimama mbele ya watu wote nikasema yule binti wa kaka yangu angekuwapo leo asingekaa jikoni, ningemkalisha mahali pa heshima, upande wa kichwa cha mwanangu. Kama si wewe, angekufa kati ya wageni. Ulimpoza kwa mikono yako mwenyewe. Kila nikiamka nakuombea kabla sijajiombea mimi.

Njoo Krismasi. Chumba chake ni chako.

Shangazi yako,
Seini


Kando ya mto Murray
25 Machi 2019

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa.

Kuna kitu sikukuambia. Siku ile mapokezi walinipigia simu wodini. "Kuna kijana anaropoka, ana homa." Nikauliza, "Anatoka jasho?" Wakasema amelowa chapachapa. Nikasema, "Basi si joto. Mpeni dawa ya homa asubiri, vitanda vyangu vimejaa." Sikuuliza jina.

Shangazi, mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu kwamba aliyeanguka kazini juani anaweza kutoka jasho mpaka dakika ya mwisho, kwamba kipimo cha kwapani hudanganya, kwamba dawa ya homa haisaidii kitu na kila dakika unayochelewa kumpoza inakula ubongo na ini. Siku ile nilikuwa nimechoka, nikajibu tu. Alikaa kwenye benchi dakika hamsini. Niliposhuka kuchukua dawa ndipo nikaona ni yeye.

Usinisemee tena mbele za watu.

Fusi


Lifuka, Ha'apai
18 Oktoba 2019

Fusi,

Salamu. Sisi wazima.

Barua yako ilifika Aprili. Niliisoma mara moja nikaifungia sandukuni, chini ya nguo za gome la mti, na tangu hapo sikulitaja jina lako kwenye sala. Nakuambia ili ujue. Watu wakiniuliza habari zako, nasema sijui.

Wiki iliyopita vijana kumi na wanne waliitwa kwenye ukumbi wa kanisa. Wanakuja huko kuchuma. Wakaelezwa fomu, wakaelezwa mabasi, na joto hakulitaja mtu. Nikasimama. Nikawaambia mwenzenu akianza kuyumba na kuropoka juani, msiseme kava. Mvueni, mmwagieni maji, mpepeeni, tafuteni barafu, hapo hapo alipoangukia, huku mmoja akiita gari la wagonjwa. Msimfungie kwenye gari akalale. Hata kama anatoka jasho. Na mkifika hospitali, tamkeni "joto" kabla hamjaulizwa, wala msikubali apimwe kwapani tu. Walipojua anapimwa wapi badala yake wakaangua kicheko, nikawaacha wacheke.

Mmoja akauliza, "Mama, haya yote kakufundisha nani?"

Nikasema, "Muuguzi mmoja wa kule." Nilitaka kusema mwanangu. Neno lilifika mdomoni likakataa kutoka.

Krismasi usije. Ya mwakani sijui. Lakini andika.

Shangazi yako,
Seini